Kuzaliwa upya, barzakh au koma: uisome vipi ndoto yako?

Mtu akifiwa Mombasa hakosi wa kumfasiria. Akiota marehemu amesimama mlangoni hasemi neno, kabla ya adhuhuri atakuwa ameshapewa majibu matatu. Jirani Mwislamu atamwambia amwombee dua na amtolee sadaka. Mwenzake wa kazini kutoka Kaloleni atamuuliza kama mzee alisimamishiwa kigango, gogo la kuchongwa la kumkumbuka marehemu. Na mwenye duka la vitambaa wa Biashara Street atamweleza kwa upole kwamba roho ile imeshashika njia yake, huenda imeshapata mwili mwingine. Simu nayo ina jibu la nne: mtu anayeahidi kumlaza usingizi na kumrudisha kwenye maisha aliyoishi kabla ya haya, kwa malipo.

Majibu haya hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja. Ikiwa baba yako yuko barzakh akingoja kufufuliwa, basi hayuko katika mwili wa mtoto mchanga aliyezaliwa juzi. Ikiwa ni koma, yaani roho ya mzee aliyefariki, anayesikia baridi na kutaka kukumbukwa na wanawe, basi hajaondoka bado. Nimeandika ulinganisho huu kwa mtu ambaye jambo limeshamfika na sasa anataka kuamua alielewe vipi. Upande wangu nausema mapema: nimelelewa katika Uislamu na humo ndimo nilimo. Ila nimekaa na watu wa imani nyingine wa mji huu, nimewasikiliza, na inaniuma kuona imani ya mtu ikielezwa nusunusu na asiyeijua.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili. Ulichokiona umekiona, na hakuna wa kukunyang'anya. Lakini tukio haliji na maelezo yake. Maelezo unayachukua kwa watu wenye imani fulani, na wao wakikupa maelezo, wanakudai mwenendo fulani. Kwa hivyo kabla ya kuchagua, uliza: nikiyakubali haya, kesho nitatakiwa kufanya nini, na nani mwingine nyumbani mwangu atalipia?

Kuzaliwa upya kama wenyewe wanavyokuamini

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panapoharibiwa zaidi. Wanaoamini kuzaliwa upya tunaishi nao: Wahindu wanaosali kwenye hekalu la Swaminarayan la Haile Selassie Road, Wajaini wenye hekalu lao la marumaru nyeupe la mwaka 1963 kule Langoni Road, na Masingasinga, ambao ukisafiri kwenda Nairobi unaweza kula chakula chao bure pale Makindu, uwe wa dini yoyote.

Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2, aya ya 22, inasema roho huacha mwili uliochakaa ikaingia mpya kama mtu avuavyo nguo kuukuu. Maneno haya yanapendwa sana kunukuliwa matangani, hata na wasio Wahindu, kwa kuwa yanaliwaza. Ila ukiendelea kuwasikiliza wenyewe utagundua kwamba kurudi duniani si habari njema kwao. Mzunguko wa kuzaliwa na kufa ni kifungo, na tamaa ya mcha Mungu ni kutoka humo, hali wanayoiita moksha. Masingasinga huzungumzia maumbile milioni 8.4 ambayo roho huweza kuyapitia, na ndiyo sababu wanakuona kuzaliwa mtu kuwa nafasi adhimu isiyofaa kupotezwa. Wajaini wamekwenda mbali zaidi: kwao karma ni chembe nyembamba mno zinazoigandama roho kila mtu anapotenda, anaposema na anapodhuru kiumbe. Kufunga kwao, kuacha kwao nyama na hata mboga zinazochimbwa ardhini, na uangalifu wao wasimdhuru mdudu, yote ni kazi ya kuzibandua chembe hizo. Roho ikitakata hupanda hadi kileleni mwa ulimwengu na hairudi tena.

Sasa mchukue mtu wa Mombasa aliyefiwa na mama, asiye na uhusiano wowote na imani hizi, akasoma mahali kwamba tunazaliwa upya, naye akapata faraja kwamba atakutana na mamake tena. Faraja hiyo haimo katika imani anayoiazima. Kwa Mhindu, mama huyo akizaliwa tena ana wazazi wengine na ndugu wengine, na dua njema kabisa ya kumwombea ni asirudi tena. Mwenye kulitaka fundisho hili alichukue pamoja na uzito wake: kwamba shida ya leo inaweza kuwa tunda la kitendo usichokikumbuka, na kwamba njia ya kutoka ni nidhamu ya maisha mazima. Kwa wanaoiishi, imani hii imejenga watu wenye subira na huruma kwa wanyama, jambo ambalo sisi wengine tungelihitaji. Anayechomoa tofali moja na kuiacha nyumba nzima hujikuta na tofali mkononi, na mvua inanyesha.

Mabudha nao huamini kuzaliwa upya, lakini wanakataa kwamba kuna nafsi ya kudumu inayohama. Hilo peke yake latosha kukuonyesha kwamba "kuzaliwa upya" si jibu moja.

Barzakh na ufufuo

Kwa Mwislamu, njia ni moja na haina marudio. Suratul Muuminun, aya ya 99 na 100, inamweleza mtu aliyefikiwa na mauti akiomba arudishwe apate kutenda mema aliyoyaacha, naye anakataliwa: mbele yao kuna kizuizi, barzakh, mpaka siku ya kufufuliwa. Ndiyo maana baada ya kuzika kuna talkini kaburini, kumkumbusha marehemu imani yake, katika baadhi ya mitaa yetu, ndiyo maana kuna khitma na arubaini. Marehemu hatendi tena, lakini dua na sadaka za walio hai tunaamini zinamfikia.

Kwa Mkristo msingi uko katika Waebrania 9:27: watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Wanaotaka kuiingiza imani ya kuzaliwa upya ndani ya Biblia huleta Mathayo 11:14, Yesu anaposema kwamba Yohana ndiye Eliya atakayekuja. Ila Luka 1:17 inaeleza kwamba Yohana atatangulia katika roho ya Eliya na nguvu zake, na Eliya mwenyewe katika Biblia hakufa, alipaishwa. Upande wetu nao wapo wanaoibeba aya ya 28 ya Suratul Baqara, "mlikuwa wafu akakuhuisheni, kisha atakufisheni, kisha atakuhuisheni", wakadai ni mzunguko. Wafasiri wetu wameisoma kuwa ni kuumbwa, kufa na kufufuliwa, na mwisho wa aya yenyewe unasema mtarejeshwa kwake Yeye.

Koma

Kwa Wamijikenda hadithi ni nyingine kabisa, na ni makosa kuitia katika kapu la kuzaliwa upya. Aliyekufa anabaki mtu wa nyumbani. Ana haki yake, anakuja ndotoni, anaweza kulalamika kwamba amesahauliwa, ana njaa au anasikia baridi. Kwa mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, husimamishwa kigango, gogo la mti mgumu lililochongwa likawa na umbo la mtu, pembetatu ndogondogo zikiwa zimekatwa kifuani, kichwa cha duara au bapa. Kikishasimamishwa hakihamishwi. Uhusiano wa marehemu na jamaa zake unapita hapo.

Usidhani ni mambo ya kale. Familia moja ya huku pwani ilipigwa picha mwaka 1985 kando ya vigango vyake viwili. Baadaye vikaibwa, vikaonekana katika makavazi ya Marekani, na vikarudishwa kwao mwaka 2007. Walioibiwa walisema tangu siku ile mambo ya nyumba yao yaliharibika. Vigango vingi vya Pwani vimeuzwa ng'ambo kama mapambo ya sebuleni. Mimi si Mmijikenda, na dini yangu inakataza kumwelekea marehemu kwa haja, lakini hilo naliita wizi wa makaburi, na sioni neno jingine.

Anayechagua kusoma ndoto yake kwa njia ya koma ajue anachoingia: anakubali kuwa na wajibu kwa wazee wake pamoja na ukoo mzima. Halifanywi na mtu mmoja chumbani kwake Nyali. Linataka kwenda nyumbani, kukaa na wazee, kutoa kilichotakiwa kutolewa.

Anapokuja aliyekufa

Mama mmoja wa Mji wa Kale, akiwa eda, alinieleza kwamba kila alfajiri kabla ya adhana husikia kikohozi cha mumewe kwenye ngazi, kile cha mtu anayetaka walio ndani wajue kwamba anapanda.

"Shangazi, waogopa?" nikamuuliza.

"Niogope mume wangu?" akasema. Kisha akakaa kimya, akikunja na kukunjua ncha ya leso. "Watoto sijawaambia. Wataona nimerukwa na akili, au wataniletea mtu wa kunisomea. Nami sitaki asomewe akaondoka."

Mwaka 1971 daktari wa Wales, Dewi Rees, alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza majibu ya wajane 293, wanawake na wanaume. Karibu nusu walikuwa wamewahi kumwona, kumsikia au kumhisi mwenza wao aliyefariki, na wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote kabla ya kuulizwa. Si wagonjwa wa akili. Ni watu waliolala na mtu mmoja miaka na miaka. Nilipomweleza yule mama, alipumua kama aliyetuliwa mzigo.

Sasa weka tafsiri kando kwa kando. Mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yanagawa ndoto mafungu matatu: ya kheri itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile ambayo ni mtu anazungumza na nafsi yake. Hadithi nyingine inasema ndoto njema ni sehemu moja katika sehemu 46 za utume. Ya kheri humwambia umpendaye. Mbaya hutemi mate ya kweli bali unapuliza kushotoni mara tatu, unajikinga kwa Mwenyezi Mungu, unageuka ubavu wa pili na humsimulii mtu. Utaratibu huu naupenda kwa sababu unaacha nafasi: si kila ndoto ni ujumbe. Mhindu aliyeota mzazi wake atakumbuka shraddha, ile ibada ya kuwakumbuka waliotangulia kwa mabonge ya wali, na sehemu ya chakula wakapewa kunguru. Mmijikenda atauliza amesahau nini.

Katika jambo hili la msiba, naona hasara ya kuchagua vibaya ni ndogo. Tafsiri ya nyumbani kwako yatosha, kwa kuwa ndiyo yenye watu wa kukaa nawe. Anayehangaika ni yule aliyeikimbia ya kwao akashika ya wengine kwenye simu, akabaki na jibu lisilo na jamaa.

Mtoto anayesema aliwahi kuishi

Hili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa kuwa mchaguzi ni mzazi na mlipaji ni mtoto.

Likoni kuna kijana mdogo wa miaka karibu minne, amepewa jina la babake mamake, aliyekuwa mvuvi. Kama desturi yetu ilivyo, mama humwita "baba", na wajomba humwamkia "shikamoo mzee". Siku moja ufukweni alitazama ngalawa iliyopandishwa mchangani akasema, "Yangu ilikuwa na tanga jeupe." Nyanya yake akashika mdomo. Kufika magharibi nyumba ilikuwa imejaa watu.

"Ulikuwa ukivua wapi, baba? Tiwi?"

"Tiwi."

"Na ukazama, sivyo?"

"Nikazama."

Marehemu babu hakuzama, alifia kitandani, lakini wakati huo hakuna aliyejali. Palikuwa na mjomba mkubwa aliyezama, na mara moja ikawa mtoto ni yule.

Mtoto huyo ameitwa baba tangu kuzaliwa. Amesikia visa vya bahari kabla hajajua kuhesabu. Aliyoyasema yangeweza kutoka hapo, na yangeweza kutoka kwingine. Tulichopoteza jioni ile ni uwezo wa kujua, kwa sababu maswali yalikuja na majibu yake ndani.

Aliyelifuatilia jambo hili kwa umakini kuliko wote ni Ian Stevenson, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyefariki mwaka 2007. Yeye na wenzake walikusanya visa zaidi ya 2,500 vya watoto, wengi kutoka India, Sri Lanka, Thailand, Myanmar, Uturuki na kwa Wadruzi wa Lebanon. Mfano unajirudia: mtoto huanza kusema akiwa na miaka miwili hadi minne, husimulia mara nyingi kifo cha ghafla au cha kuuawa, na akifika miaka sita au saba hivi husahau na kuendelea na maisha yake. Baadhi walikuwa na alama mwilini zilizolinganishwa na majeraha ya marehemu. Stevenson hakudai amethibitisha. Alisema visa vyake vinaashiria. Wanaompinga wanataja mambo mawili mazito: visa vingi vinatoka mahali ambapo watu tayari wanaamini kuzaliwa upya, na katika vingi familia mbili zilikuwa zimeshakutana kabla mtafiti hajafika kuandika. Mwenyewe aliacha kufuli la namba alilolifunga kwa siri aliyoijua peke yake, ili akishakufa, ikiwa njia ipo, aifikishe siri hiyo kwa walio hai. Ninamheshimu mtu anayetaka kujua hadi kiwango hicho.

Kisa kilichovuma zaidi ni cha Shanti Devi, aliyezaliwa Delhi mwaka 1926. Akiwa mdogo alisema nyumba yake iko Mathura na ana mume huko, na maelezo yake yakapatana na ya mwanamke aliyefariki mwaka 1925 baada ya kujifungua. Mwaka 1935 tume iliyoundwa kwa hima ya Mahatma Gandhi ilifuatana naye hadi Mathura. Dunia nzima ilimjua. Alifariki mwaka 1987, na maisha yake yote hakuolewa. Sisemi sababu ilikuwa hiyo. Nasema tu kwamba sehemu inayonigusa ni hii, kuliko tume.

Wenye imani ya kuzaliwa upya wenyewe hawategemei kumbukumbu za watoto. Katika Gita, sura ya 4, aya ya 5, Krishna, ambaye kwao ni Mungu, anamwambia shujaa Arjuna kwamba wote wawili wamepitia kuzaliwa kwingi. Krishna anakukumbuka kote, Arjuna hakumbuki. Yaani kusahau ndiyo hali ya kawaida. Wanazuoni wa Kiislamu nao wakielezwa mtoto anayejua asiyoyajua huwaza karini, yule jini anayefuatana na kila mtu na ambaye alikuwapo wakati wa marehemu. Waluo, ambao Mombasa wapo wengi, wana desturi yao: mtoto asiyenyamaza kulia hutajiwa majina ya jamaa waliofariki hadi likafika linalomtuliza, akapewa hilo. Humo marehemu anaheshimiwa na mtoto anabaki mtoto.

Ukinitaka ushauri: mwanao akisema jambo kama hilo, andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe, kabla hujampigia simu mtu yeyote. Ukimjibu, sema "enhe?" au "halafu?", usimpe jina wala mahali. Usimpeleke kwa familia ya marehemu, usimrekodi ukamtangaza. Akicheka, mcheke pamoja. Akilia kwa hofu usiku baada ya usiku, mtafutie daktari wa watoto. Utaratibu huu unafaa ukiwa Mwislamu, Mkristo, Mhindu au huna uhakika, na ikiwa kweli kuna jambo, karatasi yako itakuwa ushahidi bora kuliko nyumba iliyojaa watu.

Pahali unapohisi ulishafika, mtu unayehisi ulishamjua

Hapa sitakawia. Unashuka Fort Jesus kwa mara ya kwanza na unahisi uliwahi kusimama pale pale. Hali hii huwapata watu wengi wazima, na madaktari wanaihusisha na sehemu ya ubongo iliyo karibu na masikio. Ikija mara kwa mara na kufuatiwa na kupotewa na fahamu, ni ya kupelekwa hospitali. Kuhusu mtu mgeni aliyekupendeza kama mliyekua pamoja, Mwislamu hana haja ya maisha ya kabla: hadithi inasema roho ni majeshi yaliyokusanywa, zilizojuana huafikiana, zisizojuana hutofautiana.

Waliorudi kutoka ukingoni mwa kifo wana lao pia. Daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel, aliwaangalia wagonjwa 344 waliozinduliwa baada ya moyo kusimama, akachapisha matokeo mwaka 2001: wagonjwa 62 walikuwa na kumbukumbu ya wakati ule, wengine hawakukumbuka kitu. Kila mwenye imani atalichukua hilo kuwa lake. Mimi nalichukua kuwa sababu ya kumsikiliza aliyesimulia bila kumcheka.

Kukabwa, kupandisha, degedege

Katika mambo haya kuchagua vibaya kunaua. Mtu anaamka usiku, macho yako wazi, mwili haunyanyuki, kitu kizito kiko kifuani: jinamizi limemkaba. Wakati wa usingizi wa ndoto misuli hulegezwa ili usitende unachoota, na wakati mwingine akili huamka kabla ya mwili. Hupita. Soma dua zako, lala ubavu, punguza kukesha. Atakayekuambia ni roho ya maisha yako ya zamani inayodai haki yake, muulize bei yake kwanza.

Kupandisha pepo ni jambo refu lenye watu wake, ngoma zake na ubani wake, na sitalifupisha kwa dharau. Nimeona wanawake waliobebeshwa mengi wakipata pale nafasi pekee ya kusikilizwa. Lakini mtoto anayetetemeka na kugeuza macho huku mwili unachoma ana degedege, na mara nyingi nyuma yake kuna malaria au maambukizi mengine. Wapo wanaosema ni ndege aliyepita juu ya nyumba, na saa zinazopotea kumtafuta mganga ndizo zinazomharibu ubongo. Mtu mzima anayeanguka mara kwa mara huenda ana kifafa, na kifafa kina dawa. Anayesikia sauti za kumtuma ajidhuru, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Port Reitz ina huduma ya afya ya akili. Kusomewa hakupingani na dawa. Mtume alituamrisha tujitibu, kwa kuwa hakuna maradhi ila yamewekewa tiba yake.

Usingizi wa kulipia

La kulazwa usingizi ukumbuke maisha yaliyopita ndilo pekee katika ulinganisho huu ninalolikataa moja kwa moja. Mwaka 1952 huko Colorado, Marekani, mwanamke aitwaye Virginia Tighe alilazwa hivyo akaanza kusimulia maisha ya Bridey Murphy, mwanamke wa Ireland wa karne ya 19. Habari ikavuma. Waandishi wa magazeti walipofuatilia waligundua kwamba alipokuwa mtoto Chicago, ng'ambo ya barabara aliishi mwanamke wa asili ya Ireland mwenye jina linalokaribiana sana na hilo. Mtu aliyelazwa huunganisha vipande vya anachokijua, akaviona kama kumbukumbu, na anayemwongoza humjazia bila kukusudia. Wahindu na Wajaini hawana haja nalo: wao wanataka kutoka kwenye mzunguko, huyu anakuuzia tiketi ya kuzunguka humo.

Basi uchukue lipi?

Ukiwa Mwislamu au Mkristo mwenye imani yake, una jibu kamili tayari, lenye dua, watu na siku maalumu. Usione haya kwamba ni la zamani. Ukiwa Mmijikenda uliyesilimu au kubatizwa na bado ndoto za wazee zinakujia, utavutwa pande mbili. Zungumza na wazee na pia na sheikh au mchungaji anayewajua watu wa kwenu, na usijifiche kwa upande wowote. Ukiwa unavutwa kweli na kuzaliwa upya, nenda ukakae na wanaokuishi. Uliza wanavyofunga, wanavyokula, wanavyotafuta moksha. Ukiona uko tayari kwa hayo, basi unaijua imani unayoiingia. Ukiona ulichotaka ni mama arudi tu, wenyewe watakuambia kwa upole kwamba hilo hawana.

Na ukiwa hujaamua bado, lakini marehemu anakuja ndotoni na anaonekana anataka kitu, lipo jambo ambalo tafsiri zote hizi zinalikubali. Angalia madeni yake. Kwetu roho ya mtu imezuiliwa na deni lake mpaka lilipwe. Karma haifuti kilichochukuliwa. Na koma hatulii wakati haki ya watu iko nyumbani kwake. Pitia daftari la dukani, uliza chama alichokuwa akichanga, uliza mafundi aliowaahidi. Muulize mjane wake, faragha na kwa adabu, kama mahari yake alikamilishiwa. Kama hayakukamilika, ninyi watoto kaeni mhesabu mali aliyoiacha, mlilipe hilo kabla ya kugawana.